Noeli na Mtoto Anayetumwa

Kila Desemba inapokaribia, wazazi, walimu wa shule ya Jumapili na wahubiri hulalamika kwamba watoto wanaijua Krismasi kwa zawadi tu, na wasiwasi wao una haki, kwa sababu sikukuu inayobaki katika kumbukumbu ya mtoto kama siku ya kupewa haitakuwa na cha kumwambia atakapofikia umri ambao hapewi tena. Hata hivyo, malalamiko hayo hukosea pale yanapoichukulia zawadi kuwa adui wa Noeli. Imani ya Kikristo inafundisha kwamba siku yenyewe ni ya kupewa: Mungu, kama wanavyokiri waamini, aliutolea ulimwengu Mwana wake pasipo ulimwengu kustahili, na mtoto anayeruka kwa furaha kwa sababu amepata gauni jipya au mpira hajapotea njia, ila amesimama mapema mno. Kinachopungua ni hatua ya pili, ambayo kwayo kilichomfikia kinapita mikononi mwake na kumfikia mwingine. Hatua hiyo haipatikani kwa mawaidha, hata yakiwa mazuri kiasi gani. Hupatikana kwa desturi ambayo malezi ya Afrika Mashariki yanaijua tangu zamani, yaani kumtuma mtoto. Anayetumwa kupeleka chakula kwa jirani, kumwamkia bibi mgonjwa au kumwita babu aje mezani hufanywa mjumbe wa nyumba nzima, naye hujifunza jambo ambalo mpokeaji peke yake halijui, kwamba furaha ya kwao ina mahali inapotakiwa kufika.

Historia ya zawadi za Noeli inaelekea upande huohuo. Nikolao, askofu wa Mira katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4 na kukumbukwa kila tarehe 6 Desemba, alipendwa na vizazi vingi kwa sababu ya simulizi moja kuhusu baba fukara mwenye binti watatu, ambao hawakuweza kuolewa kwa kuwa desturi ya huko ilimtaka baba wa binti ndiye atoe mali, na ambao walikaribia kuingizwa katika ukahaba hadi askofu alipoirusha dhahabu ndani ya nyumba yao usiku, kwa siri. Simulizi hilo haliwezi kuthibitishwa lote kihistoria, lakini maana yake iko wazi: zawadi ilikwenda mahali palipokuwa na dhiki, mtoaji alijificha, na hakuna aliyewauliza wale mabinti kama walikuwa na adabu mwaka mzima. Waholanzi walimwita Sinterklaas, New York ya karne ya 19 ikamgeuza kuwa Santa Claus, ambaye wengi wa Afrika Mashariki humwita Baba Krismasi. Michoro ya Haddon Sundblom katika matangazo ya Coca-Cola kuanzia mwaka 1931 ikamweneza akiwa mzee mnene mwenye vazi jekundu, na wimbo mmoja wa Kimarekani wa mwaka 1934 ukaeneza mbali zaidi wazo la zamani kwamba anayo orodha ya watoto wema na watukutu.

Katika mabadiliko hayo yote, vazi ni jambo dogo na orodha ni jambo kubwa. Mzazi anayemwambia mtoto kwamba asipotulia hatapata kitu Krismasi hupata utulivu wa siku chache, lakini analipa bei kubwa, kwa kuwa ameigeuza zawadi kuwa ujira, na ujira, ukishafanyiwa kazi, haumwachii anayeulipwa sababu ya kushukuru wala ya kumkumbuka asiyenao. Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2008 utafiti uliofanywa Leipzig, Ujerumani, kwa watoto wa takriban miezi 20, ambao walipomwona mtu mzima ameangusha kitu asichoweza kukifikia walimwokotea kwa hiari yao; wale waliozawadiwa kwa msaada huo walipungukiwa baadaye na ari ya kusaidia, ilhali wale wasiopewa chochote waliendelea. Jambo ambalo bibi wengi wa vijijini wanalijua pasipo maabara ni hilohilo: moyo wa kusaidia umo tayari ndani ya mtoto, na unaweza kupunguzwa na malipo yasiyo na haja.

Leipzig huohuo ndio uliowatuma wamisionari wa Kilutheri Kilimanjaro mwaka 1893, na Kilimanjaro ni mahali pazuri pa kutazama Noeli inavyomfundisha mtoto pasipo somo. Wachagga walio mijini hurudi nyumbani kila Desemba kwa wingi unaojulikana Tanzania nzima; kituo cha mabasi cha Mbezi jijini Dar es Salaam hufurika, na hata treni ya abiria ya Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejea Desemba 2019, katika mwezi ambao abiria wake wanajulikana. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hufikishwa katika kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa ambamo nyumba ya babu imo na makaburi ya waliotangulia yamo humohumo, na kabla hajauliza amepata nini, ameshaonyeshwa yeye ni wa nani. Huamkia watu ambao majina yao hayajui, hushikwa kichwa na wazee wanaomfananisha na marehemu fulani, hulala chumba kimoja na binamu saba. Zawadi, kwa maana ya kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, mara nyingi haipo kabisa au ipo kwa uchache, na ni nadra mtoto kuilalamikia.

Kilele cha siku hizo ni kuchinja. Mbuzi anapochinjwa kihambani, nyama haigawanywi ovyo ovyo, kwa maana kila kiungo kina mwenyewe kwa kufuata ukoo na umri, na kosa katika ugawaji huo linaweza kukumbukwa kwa muda mrefu kuliko deni la fedha. Fungu la mtu asiyeweza kufika, labda shangazi aliyevunjika nyonga au mzee asiyetembea tena, hufungwa katika jani la mgomba na kupewa mtoto apeleke. Mtoto huyo hupita migombani akiwa ameshika kifurushi chenye joto, mafuta yakimchuruzikia hadi kwenye viwiko vya shati lake jipya la sikukuu, akiwa ameagizwa asisimame njiani, asiweke chini, atumie mikono miwili anapotoa, na asiondoke kabla ya kuombewa. Hapo yumo katikati ya Noeli kikamilifu, ingawa hakuna aliyemweleza neno lolote la teolojia, yaani elimu ya kumtafakari Mungu. Amebeba kitu asichokula yeye. Amemwona mtu aliyekuwa akimngoja, na amebarikiwa kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine aliyetoa.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi kwa miongo mingi miongoni mwa Wachagga katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alishikilia kwamba kanisa halina budi kusimama juu ya vifungo vitatu ambavyo watu walikuwa navyo kabla ya kuhubiriwa, navyo ni ukoo, ujirani na rika. Wako waliomlaumu kwa kuupamba mno ulimwengu wa kale, na lawama hiyo ina ukweli, lakini kwa habari ya watoto na sikukuu aliona sawasawa, kwa kuwa mtoto haelewi upendo wa jumla. Anaelewa upendo wenye anwani. Desturi nyingine ya huko inaonyesha hivyo kwa uzito zaidi. Jani la isale, mmea unaoota mipakani mwa vihamba, lina heshima ya kiasi kwamba anayelishika na kwenda kwa aliyemkosea huwa anaomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu sana kukataliwa, na kwa kuwa ndugu wote hukutana Desemba, ndipo magomvi ya mipaka, ya urithi na ya maneno makali huletwa mbele ya wazee. Mtoto anayemwona baba yake, ambaye kwake ni mtu mwenye nguvu kuliko wote, akisimama mbele ya mdogo wake na kukiri kosa, amepewa somo la Krismasi ambalo hakuna duka linaloweza kuliuza. Wazazi wengi huwafukuza watoto wakacheze nje mazungumzo hayo yanapoanza. Si lazima wasikie kila neno, lakini ingefaa waone jinsi yanavyokwisha.

Haifai kuificha sura ya pili ya safari hizo za kurudi nyumbani. Magari makubwa hupandishwa milimani ili yaonekane, mbege, yaani pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa kupita kiasi, na ndugu ambaye mwaka huo biashara yake imeanguka hubaki mjini akidai ana kazi, kwa kuogopa kuulizwa. Watoto huyaona hayo yote. Familia ambayo husema waziwazi, mbele ya watoto, kwamba fulani aje hata kama hana kitu, na ikamtumia nauli pasipo kumtangaza, huponya mengi ambayo mahubiri hayafikii.

Pwani na katika miji mikubwa, anwani ya upendo huo mara nyingi ni jirani Mwislamu. Wakristo wengi wa Tanzania humwita jirani huyo awachinjie mnyama wa Krismasi, ili nyama iwe halali, yaani iliyoruhusiwa kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, na kila atakayeingia aweze kula. Mtoto anayeuliza kwa nini baba hakuchinja mwenyewe, ilhali kisu anacho, anastahili jibu kamili: sikukuu ya nyumba hii imepangwa kwa kuitazama dhamiri ya mgeni kabla mgeni hajabisha hodi. Kisha pilau hupakuliwa katika sahani nzuri kuliko zote, hufunikwa kwa kawa, na mtoto huyohuyo hutumwa nyumba ya tatu, ambako miezi kadhaa nyuma, siku ya Idi, sahani kama hiyo ilitoka. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alieleza kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu, wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Majirani wa Ilala au wa Mombasa, ambao kwao sahani ya watu hairudishwi tupu, hawahitaji kuusoma uchambuzi huo, lakini watoto wao wanahitaji kuushika kwa mikono kabla hawajahamia katika majumba yenye kuta ndefu ambako jirani hajulikani jina.

Kutumwa peke yake, hata hivyo, kungekuwa mila njema isiyo na kisa, na Noeli ni kisa kwanza. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi hukisikia kikiwa kimelainishwa, kimebaki nyota, malaika na wanyama wapole, kana kwamba hawana uwezo wa kubeba zaidi. Luka anasimulia kuhusu watu waliolazimishwa kusafiri na amri ya kuandikishwa iliyotolewa na Kaisari Augusto, na kuhusu mama aliyemlaza mwanawe katika hori, yaani chombo cha kulishia mifugo, kwa kukosa nafasi mahali pa wageni. Mathayo anasimulia kuhusu mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mashariki, ambao idadi yao haitaji, na mara baada ya zawadi zao anasimulia kuhusu mfalme Herode aliyeamuru watoto wa Bethlehemu wauawe, na familia iliyokimbia usiku kwenda Misri. Kwa maana hiyo, nchi iliyompokea mtoto Yesu alipokuwa mkimbizi ni ya Afrika, na jambo hilo halina budi kuelezwa kwa watoto wa Kigoma, wanaoishi mkoa mmoja na kambi ya Nyarugusu, ambamo tangu mwaka 1996 wamepokewa watu waliokimbia vita vya Kongo na ambamo watoto wengi huiadhimisha Noeli kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri sana maana ya kukosa mahali pa kulala. Asichokielewa ni kwa nini watu wazima humsimulia habari hiyo wakicheka.

Fransisko wa Assisi aliona hitaji la kukionyesha kisa hicho pasipo kukilainisha mwaka 1223 huko Greccio, Italia, alipoandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda ili watu wa kijiji waone kwa macho ufukara ambao Mungu aliuingia. Kutokana na jambo hilo desturi ya pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, ilienea hadi parokia za Afrika Mashariki, ambako hutengenezwa kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizokunjwa zikafanana na mwamba, nyasi kavu na matawi. Pango lililojengwa na watoto wenyewe, lenye ng'ombe wa udongo ambaye pembe moja imekatika, hufundisha kuliko lililonunuliwa likiwa kamili. Vivyo hivyo kwa zawadi za mamajusi: dhahabu mtoto anaijua, lakini uvumba na manemane hubaki maneno matupu hadi mtu ampe punje ya ubani aidondoshe juu ya kaa la moto katika chetezo na kuuona moshi ukipanda. Ubani ni utomvu wa miti ya Dhofari nchini Oman, ya Yemen na ya Somalia, na umefukizwa katika nyumba za Waswahili kwa karne nyingi. Kwa harufu hiyo mtoto wa pwani hugundua kwamba wasafiri wa Mathayo walibeba kitu ambacho bibi yake pia anacho kabatini.

Kungoja nako hufundishwa kwa mikono. Majilio, kipindi kinachochukua Jumapili nne kabla ya Noeli, kimepewa na makanisa kazi ya kumzoeza mwamini kutamani, na shada la mishumaa linalowashwa hatua kwa hatua katika kipindi hicho lilianzia kwa watoto maskini. Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyelea watoto wa mitaani mjini Hamburg, alichoka kuulizwa kila siku kama Krismasi imefika, hivyo mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili, ili wajihesabie wenyewe mwanga unavyoongezeka. Siku hizi maduka ya Dar es Salaam na Nairobi hufungulia nyimbo za Noeli tangu Novemba, na mtoto huifikia tarehe 25 akiwa ameshashiba. Kumnyima kidogo kwa wiki nne, kwa upole na kwa sababu inayoelezwa, ni kumwongezea.

Utoaji ulioandaliwa kwa ajili ya watoto unahitaji uangalifu mkubwa kuliko unavyopewa. Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo watoto Wakatoliki wengi wa Tanzania wanalijua parokiani kwao, lilianzishwa mwaka 1843 na Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy nchini Ufaransa, kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala fupi na senti chache kutoka mifukoni mwao, na nguvu ya wazo hilo imo katika udogo wa senti hizo. Lara Aknin na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliofanywa Kanada kwa watoto wasiotimiza miaka miwili, ambao nyuso zao zilionyesha furaha zaidi walipokitoa chakula kitamu kuliko walipokipokea, na zaidi tena walipokitoa kutoka katika bakuli lao wenyewe kuliko walipopewa kingine cha kutoa. Kwa hiyo mzazi anayenunua katoni ya sabuni na kumpa mwanawe aikabidhi katika kituo cha yatima mbele ya kamera amempa nafasi ya kupigwa picha, na amewafanya watoto wa pale kuwa mandhari ya wema wake. Ni afadhali mtoto achague kimoja kati ya vitu anavyovipenda, kizima na kisafi, akitoe pasipo picha, na ikiwezekana acheze na anayempa hadi jioni, wagombane na wapatane kama watoto wengine.

Linabaki suala la mtoto ambaye kwao hakuna cha kununua, na kwake mafundisho haya hubadilika. Yeye hana hatari ya kuzidiwa na zawadi. Anachokumbana nacho ni aibu ya kuingia kanisani na nguo za mwaka jana wakati wenzake wamevaa mpya, viatu vingine vikiwa na lebo bado kwenye soli. Katika mazingira ya Afrika Mashariki nguo ya sikukuu si anasa, ni alama kwamba mtoto ana watu, na ndiyo maana mafundi cherehani hukesha wiki ya mwisho na mama hukata vitenge viwili kwa watoto wanne. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayepanga igizo la kuzaliwa kwa Yesu ana uwezo mkubwa hapo, kwa kuwa anaweza kuwavika wote kanga na vikoi vilivyoazimwa, hivyo nguo za nyumbani zisionekane, na anaweza kumpa mtoto huyo sehemu ya kupeleka habari badala ya kusimama nyuma kama mti. Wazazi wa mtoto huyo nao wana kazi yao, ambayo ni ngumu kuliko kutoa: akija na yai moja la kuku wake, au na maua aliyoyachuma mtaroni, akasema ni Krismasi ya mama, lipokewe kwa mikono miwili, mkono uoshwe kwanza kama ni lazima, wala asiambiwe kwamba angeliuza apate daftari. Yai hilo lipikwe siku hiyohiyo na ligawanywe kwa wote waliopo, naye akate mafungu.